Ngeli ya Miungu

Jumamosi, Tukuyu. Mvua imekaa juu ya bati
kama mgeni asiyejua kuaga.
Duka la vifaa vya shule nimelifunga mapema,
mashine ya fotokopi nimeifunika shuka,
na juu ya meza ya kukatia karatasi
nimetandaza nchi.

Nchi ina mito miwili, ngome, daraja bovu,
na miungu saba.
Niliwaumba Jumatano nikingoja wateja:
wa radi, wa mizani, wa chumvi, wa njia panda,
wa wanaozaliwa usiku, wa madeni,
na wa saba nikamwacha bila kazi,
maana mtu aliingia akataka bahasha.

Gwakisa kachagua kuwa kuhani.
Anataka nguvu: kuponya, kuwasha mwenge bila kiberiti,
kuuliza swali moja kwa siku na kujibiwa.
Ambokile, ambaye baba yake ni mzee wa kanisa,
kachora shujaa mwenye shoka
na pembeni, kwa kalamu nyekundu, kaandika:
"Huyu hasujudu."
Sawa, nikamwambia. Hata huku wapo wasiosujudu.
Radi haitakupiga kwa hilo.
Itakupiga kwa kusimama chini ya mti.

Dadu yetu ina nyuso ishirini.
Fundi Mwasomola aliichonga kwa mparachichi,
na upande wa tatu ni mzito kidogo,
hupenda kuulalia, ikaonyesha kumi na nane.
Tunajua. Hatujawahi kuomba ichongwe upya.

Wakafika darajani. Gwakisa akaomba.
Dadu ikagonga stepla, ikatulia: moja.
Nikasema, "Miungu imekasirika."

Hapo Atupele, anayefundisha Kiswahili kidato cha pili,
akaweka kikombe chini.
"Imekasirika, au wamekasirika?"
Tukacheka. Yeye hakucheka.
"Mti umeanguka, miti imeanguka, sina ugomvi.
Lakini mungu hasemwi 'umekasirika'.
Akiwa mmoja ni nafsi, wakizidi ni msitu?
Tuambie, msimulizi.
Kama imekasirika, tutafute mwavuli.
Kama wamekasirika,
tutafute la kuwaambia."

Nikapekua daftari.
Nilikuwa nimeandika mavazi yao, wanyama wao,
sikukuu, bei ya sadaka kwa vipande vya fedha,
nani kamwoa dada wa nani.
Sikuwa nimeandika kama wanasikia.

"Mimi siombi," akasema Ambokile,
"lakini huyu akiomba, namlinda mgongo
mpaka ajibiwe. Hata iwe asubuhi."

Nikatazama karatasi zao.
Juu ya jina la mhusika kila mmoja kaandika lake:
Ambokile, ameniokoa.
Atupele, ametupa.
Gwakisa, wa huruma.
Nani kaokoa? Nani katoa? Huruma ya nani?
Kinyakyusa hakikutaja.
Kiliweka kiambishi kimoja, kikafunga mdomo,
na bibi zetu waliwaita watoto hivyo
wakiwa na majembe mikononi, shambani kwa migomba,
bila kueleza.

Basi nikaamua, bila kuandika.
Sita wale, nikasema, kweli imekasirika,
itanyesha, itapita, jikingeni.
Ila yuko wa saba.
Hana sanamu, hana bei, sijui anapenda nini.
Amesimama ng'ambo ya daraja.
Amesikia.

"Atafanya nini?" akauliza Gwakisa.
Sijui, nikasema. Rusha.

Akampa Ambokile dadu, mkono wake ulikuwa unatetemeka.
Ambokile akairusha kama mtu anayetupa kokoto mtoni.
Ikapita stepla, ikapita ngome,
ikadondoka, ikaviringika chini ya mashine ya fotokopi,
nasi tukashuka kuitafuta kwa mwanga wa simu,
wanne sakafuni, kwa magoti,
Ambokile naye.